Pipa la Bluu Nimelitoboa Mimi

Kabula, mke mwenzangu,

Miaka miwili hujakanyaga uwanja huu. Miaka miwili! Yule mbuzi uliyemwacha ananyonya sasa ni bibi, ana wajukuu, na wajukuu wake wamenizoea kuliko wewe. Kupiga simu unapiga, sikatai, lakini unapiga huku unakaanga vitunguu, nasikia mafuta yanavyolia kuliko ninavyokusikia wewe. Halafu unashuka siku tatu tu, kama mtu aliyekuja kwenye semina, na kitukuu changu Limi umemwacha kwa baba yake nisimwone hata meno yalivyoota. Kesho asubuhi unarudi Geita. Haya, nenda. Mwenye nyumba yake huenda kwake. Lakini ujue nimenuna.

Nakuandikia jua bado liko juu, wewe ukiwa umekwenda kumuaga shangazi yako Holo. Naandika nyuma ya kalenda za miaka iliyopita, hizo hizo ulizonicheka kwamba nazikusanya za nini. Barua nitaiweka juu ya begi lako. Ukiisoma leo, njoo uani tugombane. Ukiisoma kwenye basi, gombana na dirisha.

Ya kuamka mapema sitakuandikia. Ya kumheshimu mumeo sitakuandikia. Akikosa heshima yeye, mwambie kuna bibi huku bado ana nguvu ya kushika fimbo. Namna ya kupanga shimo la taka na kuligeuza mpaka liwe mbolea unaijua, umeishika kwa mikono yako tangu hujaota meno ya ukubwani. Nina jambo lingine.

Lile pipa la bluu ulilonibebea juu ya basi kutoka Geita, nimelitoboa. Matundu manne chini na mawili ubavuni, kwa sululu ya babu yako. Ukirudi usianze kuuliza ni nani. Usiwatazame watoto wa Mama Doto, wala usiseme kuna mtu hapa Samuye anayenionea kijicho kwa zawadi ya mjukuu wangu. Ni mimi Ngollo, kwa akili zangu timamu. Nimetangulia kulisema kwa sababu kuna mara moja sikusema, na aliyeumia alikuwa mtu mwingine.

Kwanza nikuambie nilivyolishuku.

Juzi ulipofika ulianza kunifungulia zawadi, nami nikakaa nakutazama. Biskuti zilikuwa ndani ya karatasi, karatasi ndani ya boksi, boksi ndani ya mfuko. Sabuni nayo ilikuwa imevaa nguo mbili. Nikakuuliza, "Hii sabuni inaogopa baridi?"

Ukacheka. "Bibi, ndivyo vinavyouzwa siku hizi."

"Najua ndivyo vinavyouzwa. Nimeuliza aliyekutuma kununua ni nani."

Ulipomaliza, kulikuwa na rundo dogo la vitu na rundo kubwa la nguo zake. Wewe ulikuwa unatazama lile dogo, mimi natazama lile kubwa. Unajua ninavyofanya dukani: kabla sijatoa kitu kwenye rafu najiuliza kikifa nitakizika wapi. Ganda la kiazi nalijua kaburi lake, liko nyuma ya jiko. Mfuko kaburi lake silijui. Unamkumbuka yule ng'ombe mwekundu aliyekuwa anakula na huku anakonda? Tulipomchinja, tumboni mwake lilitoka furushi la mifuko, limejisokota kama kata ya kubebea ndoo kichwani. Wewe ndiye uliyelisukuma kwa kijiti ukasema, "Bibi, ng'ombe alikuwa na mimba ya dukani." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Leo sicheki.

Basi, baada ya sabuni na biskuti ukalivuta lile pipa uani ukaliweka mbele yangu kama mtu anayeleta mahari. "Na hili, Bibi, kwa sababu wewe hutupi kitu. Lilikuwa linatupwa tu kule, nikaona lisipotee. Utawekea maji."

Nikasema, "Wabeja, mayu." Nilishukuru kweli, kwa sababu umelibeba ukinifikiria. Lakini uliponipa mgongo nililizunguka kama tunavyomzunguka ng'ombe wa mtu tusiyemjua mnadani. Nikafungua kifuniko nikaweka pua kwa mbali. Kimya. Halinuki kitu. Nikakuita.

"Kabula, hili lilikuwa la nini?"

"La mafuta ya kula, Bibi. Baba Limi amepewa na rafiki yake."

"Rafiki yake anafanya kazi wapi?"

"Kwenye mtambo wa kuchenjulia dhahabu."

"Kwa hiyo mtambo wa dhahabu unakaanga maandazi?"

Ukacheka tena, unacheka sana wewe, nakupenda kwa hilo. Lakini pipa la mafuta, mwanangu, haliachi kunuka mafuta hata ulioshe mara ngapi. Ukipitisha majivu, majivu yanashika. Mimi nilipitisha majivu, yakateleza yote chini. Halafu ubavuni kulikuwa na mahali palipokwanguliwa kwa kisu, pana upana wa viganja viwili, panapokaa karatasi ya jina.

Wewe hukupatilia maanani. Umesoma shule, herufi kwako ni kitu cha kila siku. Mimi shule sikuikanyaga. Baba yangu alisema ng'ombe hawajichungi. Herufi nilizijulia kwenye magunia. Babu yako alikuwa akirudi kutoka dukani ananiwekea gunia mapajani na kuninyooshea kidole, "Hii S, hii U, hii K." Nilijua kusoma SUKARI kabla sijajua kuandika Ngollo. Kwa hiyo karatasi ya chombo mimi naisoma yote, hata ile midogo ya chini, na chombo kilichokwanguliwa karatasi nakiona kama mtu aliyehamia kijijini hataki kutaja kwao. Kitu chema hakuna anayehangaika kukikwangulia jina.

Bado ningenyamaza. Ningeliweka pipa pembeni, nikakupungia mkono, kisha nikalitoboa umeshaondoka. Kilichonitoa kwenye kunyamaza ni maneno yako ya jana jioni tulipokuwa tunabangua karanga.

"Bibi, kuku wangu saba wamekufa kwa siku mbili."

"Kideri?"

"Kideri gani, nilikuwa nimechanja. Ni Mama Rehema, jirani yangu wa ukuta mmoja. Alipita akasema, 'Mama Limi, kuku wako wamenona, utatukaribisha lini?' Kesho yake wakaanza kuanguka. Halafu ana macho yale, Bibi. Mekundu."

"Anafanya kazi gani?"

"Anauza vitumbua."

"Anapikia nini?"

"Kuni."

"Sasa ulitaka macho yake yawe rangi gani?"

Nikakuuliza kuku wako wanakunywa maji wapi. Ukasema, huku ukitupa maganda kwenye ungo, "Kwenye beseni. Nachota kwenye pipa la kwangu la kumwagilia mchicha, pacha wa hili. Ila nikirudi nalihamishia jikoni, maji ya bomba yanakatika mno, Limi anakosa hata ya kunywa."

Nikainuka nikasema nakwenda kuwaangalia mbuzi. Mbuzi walikuwa wameshafungiwa, hawakunihitaji. Nilishika nguzo ya zizi nikawa nalirudia jina la Limi.

Usiogope kupita kiasi. Leo asubuhi, ulipokuwa unaoga, nilimpigia mumeo. Nimemwambia Limi asiguse maji ya pipa lile, wala kuyanawa, wala kuyachezea, mpaka ufike. Akaniuliza, "Kwa nini, Bibi?" Nikamwambia kwa sababu nimesema mimi. Akasema sawa. Ni kijana mwema, tatizo lake anaamini kila rafiki.

Sasa nakuambia jambo ambalo babu yako amezikwa hajalijua.

Wewe ulikuwa hujazaliwa. Mama yako Minza alikuwa msichana wa kuchota maji. Tulikuwa na maksai wawili wa kulimia, mmoja tukimwita Mzungu kwa weupe wake, mwingine Diwani, kwa sababu alikuwa mnene na hatangulii mpaka abembelezwe. Mashamba yetu yote, ya pamba na ya mtama, yalikuwa kwenye mabega ya wale wawili.

Kaka yangu Masanja alikuwa anafanya kibarua upande wa Geita, huko kwenye dhahabu. Siku moja akaja na pipa, la bluu vilevile. Akaniambia, "Dada, hili ni la kutupia takataka za uani. Usiweke chakula." Nilisikia nusu. Nusu niliyoisikia ni kwamba pipa ni la bure. Wakati ule nilikuwa na sifa kijiji kizima: mke wa Maduhu hatupi kitu. Kopo la rangi nafanya kipimo cha unga, tairi nafanya kamba, gunia lililochakaa nafanya zulia. Sifa ile ilikuwa inanipanda kichwani, nikawa nataka kila chombo kinachopita kife mikononi mwangu.

Nikalisugua lile pipa kwa mchanga, majivu na maji ya moto. Ila chini ya ukingo, pale kifuniko kinapokaa, kulikuwa na kitu cheupe kimeganda, kigumu kama mawe madogo. Nikadhani ni magadi. Unajua ng'ombe wetu wanavyopenda magadi, na wakati ule tulikuwa tunayafuata mbali, mtu anatoka alfajiri anarudi jua limezama. Nikasema moyoni, tazama riziki hii, Masanja alitaka niitupe! Nikakibandua kwa kisu, nikakisaga, kikajaza kiganja. Mungu alinishika ulimi nisikionje. Mimi ninayeonja kila kitu. Nikakichanganya na pumba za mtama nikawawekea Diwani na Mzungu, kwa sababu wao ndio waliokuwa wanatulisha.

Asubuhi hiyohiyo alipita Nyamizi. Alikuwa mjane, nyumba yake ilikuwa pale ilipo sasa miti ya Mama Doto. Alikuwa rafiki yangu. Alikuwa ameniazima chungu chake kikubwa kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu, nami nilikuwa sijakirudisha. Akasimama njiani akasema kwa sauti yake ile ya kumwita mtu wa ng'ambo ya mto:

"Mama Minza, wanang'aa hawa! Mwaka huu mtalima mpaka uani kwangu."

"Chungu chako nakuletea leo!"

"Kaa nacho mpaka mavuno, sina pombe ya kupika, sina harusi, nimuolee nani mimi?"

Tukacheka. Akaenda zake.

Jua lilikuwa halijafika utosini maksai wote wawili wakaanguka. Sitakusimulia walivyoanguka. Watu wakajaa. Babu yako alipiga magoti kati yao, mkono mmoja kwa Diwani na mwingine kwa Mzungu, akaniangalia akauliza swali moja tu: "Walikula nini?"

Kabula, nilijua walichokula. Sikujua kuwa ni sumu, hapo naapa, lakini nilijua kuna kitu kipya kilichoingia midomoni mwao asubuhi ile, na mkono uliokiweka ulikuwa wangu. Jibu lilikuwa fupi. Lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikawatazama watu wote wale wanaoniita mwanamke mwerevu asiyetupa kitu, nikasema, "Nyamizi alipita asubuhi akawasifu."

Sikusema mchawi. Miaka mingi nimejitetea kwa hilo, kwamba neno lile halikutoka kinywani mwangu. Lakini kwetu huku, ukishasema mjane mwenye macho mekundu amesifu mifugo na mifugo imekufa, waliobaki wanamalizia wenyewe. Na macho yake kwa nini yasiwe mekundu? Alikuwa anapikia samadi kavu na mabua, ndani ya kibanda kisicho na dirisha, kwa sababu hakuwa na mwanamume wa kumkatia kuni. Mimi nilikuwa ninalijua hilo kuliko wote. Nilikuwa ninaingia humo ndani tukilia moshi wote wawili.

Babu yako alikwenda kwa mganga, na mganga akasema ni mwanamke, ni wa karibu. Mwanamke wa karibu! Aliyemwekea Diwani chakula alikuwa nani kama si mwanamke wa karibu? Nyama haikuliwa, watu waliogopa uchawi, ikafukiwa. Woga ule ndio uliotuokoa sisi, na ndio uliommaliza Nyamizi. Mbwa waliofukua nao wakafa, wakahesabiwa juu yake. Kisimani wanawake wakawa wanangoja amalize ndipo wasogee. Halafu mlango wake ukapigwa mawe.

Mwanawe akaja na baiskeli kumchukua, wakaenda kuishi Kagongwa. Walipopita hapa, kitanda kimefungwa juu ya baiskeli na yeye anatembea nyuma amekishika mguu, mimi nilikuwa nafagia uwanja. Akasimama. Nadhani alisimama kuniaga. Nikaendelea kufagia. Pale palikuwa pameshafagiwa.

Masanja alirudi kiangazi kilichofuata. Akalikuta lile pipa uani, nalowekea nguo. Akasimama ghafla.

"Dada, hili uliwahi kuliwekea nini?"

"Nguo tu."

"Na kile kitu cheupe cha kwenye ukingo?"

"Cheupe gani?"

"Dada! Ile ni dawa ya kuchenjulia dhahabu. Kidogo tu kinaua mtu. Uliosha?"

"Niliosha," nikasema. Na kaka yangu mwenyewe nikamdanganya, akashusha pumzi akaomba chakula.

Alipoondoka nilichimba shimo pembeni ya uwanja, babu yako akiwa shambani, nikalifukia pipa lile nikapanda minyaa kuzunguka. Ndiyo, ile kona. Ulikuwa na miaka sita, mama yako amekwenda Mwanza kutafuta maisha amekuacha kwangu, ukaingia kwenye ile minyaa kuchimba udongo wa kujengea jiko lako la kuchezea. Nilikuchapa mpaka fimbo ikakatika. Ulilia ukiuliza, "Nimefanya nini, Bibi?" sikukujibu, na siku tatu hukutaka kulala na mimi. Hukuwa umefanya kitu. Nilikuwa naogopa nitakachokuta mikononi mwako. Nisamehe, ingawa nimechelewa mno kuomba.

Tangu pale ndipo nilipokuwa hivi ninavyoonekana. Watu wanakuja kunitazama ninavyotenganisha taka, wanasema Mama Minza ana bidii, shimo lake linatoa mbolea nyeusi, bustani yake haikauki. Si bidii ile, ni woga. Nimegawa kila kitu sehemu mbili: ninachokijua kilikotoka na nisichokijua. Maganda, mabua, samadi, majani, vinaingia shimoni. Majivu ya jiko langu yanaingia. Majivu ya mtu mwingine sipokei mpaka aniambie alichoma nini, kwa sababu wapo wanaochoma magunia ya kuoshea mchanga wa dhahabu, jivu lake na zebaki ni kitu kimoja, mtu analileta kwa moyo mweupe anadhani anakusaidia. Chupa za dawa ya pamba natoboa kabla hazijatoka hapa, zisije zikatumika kumuuzia mtu mafuta ya taa, au asali. Yule mnunuzi wa chupa za plastiki akija, zile za maji na soda nampa, ila namuuliza zinakwenda wapi. Juzi juzi amenijibu, "Bibi, kwani wewe polisi?" Nikamwambia polisi wangekuwa wameshaondoka zamani.

Na wewe nilikulea hivyo, lakini nilikufundisha nusu. Nilikufundisha kutotupa. Chombo ukikiona unaona mali, na hilo ni langu, nimekupandia mimi. Nusu ya pili, ya kuuliza chombo kimetoka wapi na kilibeba nini, sikukufundisha vizuri, kwa sababu ningeifundisha ungeniuliza, "Ulijuaje, Bibi?" na humo ndani alikuwepo Nyamizi. Kwa hiyo umekwenda Geita na nusu yako, ukalikuta pipa linatupwa, ukafanya vile ambavyo ningefanya mimi. Kuku saba. Na jirani mwenye macho mekundu.

Huenda nimekosea. Huenda pipa lilikuwa la mafuta na kuku ni kideri cha kawaida. Basi nitakuwa nimekuharibia zawadi, na nitakuomba radhi mbele ya watu. Afadhali niitwe mkorofi.

La kwako ukifika litoboe siku hiyohiyo, ufunge mikono kwa kitu, Limi awe mbali. Usilichome. Usilifukie kama nilivyofanya mimi, maana mimi sasa nina kona ya uwanja ambayo sijui itakuwa salama lini na nitakufa nikiiacha. Usimpe mtu, hata akikuomba kwa machozi. Mwite bwana afya wa kata aje alione, umuulize na habari ya mchicha ulioumwagilia maji yale. Mimi ningeung'oa. Rafiki wa mumeo naye aulizwe ameyagawa kwa nani mengine.

Lakini pipa si ndilo linaloninyima raha zaidi. Nataka kujua habari ya Mama Rehema umeshamwambia nani. Kama umeniambia mimi tu, ni heri. Kama umeshamwambia mwingine pale mtaani kwenu Kalangalala, hata kwa kunong'ona mkichota maji, basi neno lishaanza kutembea. Usiende kujieleza kwa maneno marefu. Chukua sahani yako, asikufungie kwenye mfuko, nenda mlangoni kwake wakati watu wamejaa, nunua vitumbua vyake, ule palepale umesimama. Mpe na Limi. Watu wanaelewa, mtu hali chakula cha anayemwogopa. Halafu useme kwa sauti, kama hiyo unayonipigia kwenye simu, kwamba kuku wako waliuawa na maji ya pipa lako mwenyewe. Utaona aibu. Ni aibu ya siku moja. Mimi niliikwepa, na mpaka leo nafagia palipofagiwa.

Mlangoni nimekuwekea ndoo mbili zenye vifuniko. Ni mpya, kuna vitu mtu hununua vipya, na kimoja ni chombo cha maji ya mtoto. Karatasi zake sijabandua, zisome kwanza. Kuna na kiroba cha mbolea ya shimo. Kinuse. Kila kilichomo nakijua kilikotoka, hata maganda ya zile karanga tulizobangua pamoja miaka miwili iliyopita yamo, yameoza vizuri.

Sasa la mwisho. Chungu cha Nyamizi kipo. Ndicho unachokunywea maji tangu utotoni, kile chenye ufa mdogo shingoni. Hakijawahi kuwa changu. Nimesikia yupo bado hapo Kagongwa kwa mwanawe, macho yameacha kuona, anakaa barazani anachambua mchele kwa vidole. Mara tatu nimefika stendi na chungu kimefungwa kwenye khanga, na mara tatu nimerudi nacho nikisema gari limejaa. Gari halikuwa limejaa.

Kwa hiyo karanga zikishavunwa, uje. Usije na biskuti, usije na sabuni iliyovaa nguo, usije na mfuko wala pipa. Njoo na Limi mgongoni na mikono yako miwili mitupu, nina kazi nayo yote. Mmoja utabebea chungu mpaka Kagongwa. Mwingine utanishika mimi, unishike kwa nguvu, na nikisema gari limejaa usinisikilize.

Bibi yako,
Ngollo